Kipimo cha Somoe

Kompyuta ilinipa mtu wa kumlaza ndani ya boti:
rangi ya kijivu, mwanamume,
mita moja na sentimita sabini na tano,
hana nywele, hana kitovu.
Nilimburuta kwa kidole hadi kwenye machela,
akaenea.
Nikaandika pembeni: Mgonjwa. Tayari.

Boti ya hospitali, ya kuwatoa watu Siyu na Pate
kuwaleta Lamu saa yoyote ya usiku.
Mwezi mzima niliichora juu ya kioo.
Mistari ilinyooka yenyewe. Nikikosea
nilibonyeza mara moja, kosa likatoweka
kana kwamba sikuwahi kuwaza upumbavu ule.
Hilo nililipenda mno.

Matondoni, katika karakana ya Fundi Shekuwe,
kosa halina pa kwenda.
Ubao wake wa mbambakofi umejaa makaa ya jana na juzi:
mstari wa kwanza, mnene, wenye pupa;
wa pili, uliotubu;
wa tatu, uliorudi nusu ya njia,
kwa sababu, alisema, "ule wa kwanza ulikuwa na haki kidogo."
Sina faili linalokumbuka hivyo.

Nikamfungulia boti yangu, nikaizungusha,
tezi, omo, tumbo,
ikielea katika weusi usio na maji.
Hakuisifu. Hakuibeza. Akajikuna kidevu kwa penseli.
"Mama mwenye uchungu atalala vipi humu?
Na huyo atakayemshika mkono, akae juu ya nini?"

Nilimtajia upana. Aliusikiliza kwa adabu
kama mtu anayesikiliza bei ambayo hataitoa.

Ndipo Somoe, dada yangu, mimba ya miezi minane,
aliyetuletea mahamri akabaki kusikiliza,
akavua viatu.
"Nipimeni mimi."
Akalala kwenye sakafu katikati ya maranda,
si chali, chali hawezi, anasema pumzi inakatika;
kwa ubavu wa kushoto, goti moja mbele.
Nikamzunguka kwa chaki, kwa magoti,
bega, mgongo, nyayo, nikarudi kwa mbele.
"Usinifanye mnene."
"Nakuandika ulivyo."

Alipoinuliwa, sote watatu tulinyamaza.
Sakafuni ilibaki herufi nuni,
bakuli wazi, limekosa nukta tu.
Nukta ameondoka nayo.

Fundi akapima kwa shubiri. Akapanua mbavu,
akampa mkunga kiti upande wa kichwa,
yote kwa kamba moja na kipande cha kaa,
haraka, akiimba puani,
na mimi niliona mkono ukifikiri
kabla mwenyewe hajajua.

Usiku nikaingiza vipimo vipya.
Kompyuta ikageuka nyekundu.
Mkunga, mama, injini, tangi la mafuta, vyote kushoto:
mawimbi ya Mkanda yangeingia ndani
na watu sita wamo.
Nilirudia hesabu mara tatu, nikitamani ikosee.

Asubuhi Fundi Shekuwe aliinama juu ya kioo
muda mrefu kuliko nilivyotarajia.
"Kumbe ina mato," akasema.
Akafuta kwa kiganja, tangi likahamia kulia,
na kiganja kikabaki cheusi kutwa nzima.
Tezi na omo, nilijisemea, marejeo ngamani:
nikaanza upya, chini kabisa, kwenye mkuku.

Mtoto hakutungoja.
Somoe alivuka kwa boti ya mizigo,
ameegemea dumu la mafuta ya kupikia,
akijifungua dakika kumi baada ya gati.

Yule mtu wa kijivu nimemfuta.
Mahali pake pana umbo lililolala ubavu,
goti moja mbele; faili linaitwa Somoe.
Chaki ya sakafuni mafundi waliipita kando kwa wiki tano,
wakiruka na mbao mabegani,
hadi mwenyewe alipokuja, mtoto mgongoni,
akaichukua fagio.
Nikapiga kelele: "Acha! Hicho ndicho kipimo!"

"Kipimo cha nini?" akasema, akifagia.
"Mimi nimeshatoka humo."