Gari Lililokula Chumvi

Colchani, saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Julai.
Baridi imekaza matope yakawa mawe,
na mimi, Nemesia Choque, nimelala chali chini ya gari la Wilber
juu ya ngozi ya lama, tochi nimeiuma kwa meno.

"Watalii wanasubiri, mama," anasema huko juu.
Naona viatu vyake tu. Havitulii.
Waache wasubiri. Wanywe chai yao ya koka.
Nimeziba matairi kwa mawe mbele na nyuma,
gia iko huru,
mkono mmoja umeshika propela, mwingine shingo ya difu,
nazungusha kidogo huku, kidogo kule,
kama anayempapasa mtoto kifundo cha mguu
akiuliza kwa vidole: hapa? na hapa?

Hapa.
Bado haijawa sauti. Ni kitu kinachotangulia sauti,
tik,
kwenye ncha ya kidole gumba.
Na ukingoni mwa kikombe cha krosi, vumbi jekundu,
laini kama pilipili ya kusaga.
Ni beringi inayojitafuna kwa ukavu,
sindano zake zinageuka unga,
na bado gari linatembea, linapiga honi, linaonekana zima.

Watu husema gari hili limekula chumvi nyingi,
wakimaanisha uzee.
Mimi namaanisha chumvi.
Ile ya ziwa letu, Januari, maji yakisimama kimo cha kifundo,
mbingu juu, mbingu chini,
wageni wanapigana picha wakiruka,
na huku chini maji yaleyale yanapenya kwenye mpira wa krosi
taratibu, bila hasira yoyote,
yakijua Julai itafika.

Kaka yangu Eleuterio hakuamini mambo ya chini.
Alipenda rangi.
Usiku ule, upande wa Chiguana, gari lilianza kutetemeka kwenye sitini;
akaongeza redio.
Propela ilikatika ncha ya mbele, ikashuka, ikachoma ardhi,
na gari zima likapanda juu yake
kama mtu anayeruka mfereji kwa mti.
Hakufa mtu. Baridi ilichukua vidole viwili vya mguu wake wa kushoto.
Akisimulia, vidole ni vitatu, na kulikuwa na puma.
Anatia chumvi. Namwachia. Ameilipia.

Basi Wilber, vua hiyo miwani, njoo ulale hapa.
Shika. Umeisikia?
Kila ukitoka ziwani, maji matamu, tumboni mwa gari kwanza, uso baadaye.
Grisi usihesabu pampu: sukuma mpaka ile nyeusi itoke vikombe vyote vinne
na mpya ichungulie.
Kabla hujafungua nati, piga alama ya rangi, shafti irudi ilivyokuwa,
masikio ya huku yalingane na masikio ya kule,
la sivyo itayumba kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo.
Na ukikwama, gurudumu moja likizunguka hewani,
toa mguu.
Usilisubiri lidake mwamba ghafla.
Chuma husamehe mzigo. Kushtuliwa, hapana.

Nang'oa krosi kwa nyundo na soketi kuukuu.
Klipu moja inaruka; tunaitafuta kwenye barafu dakika kumi,
Wilber kwa magoti, mimi kwa matusi.
Mgeni mmoja anapiga picha ya nyayo zangu.

Jioni anarudi. Namuuliza habari za njia.
Anakuna kichwa, anatafuta,
anatazama kule walikotoka.
"Hakuna," anasema, kama aliyeibiwa.
Leo hana hata cha kutia chumvi.

Namkabidhi mpira wa maji.