Bakuli Juu ya Jokofu

Saa mbili usiku nimeinua bakuli lako, Fiachra,
nikaliweka juu ya jokofu, kando ya redio.
Umelifuata kwa macho mpaka huko juu
kama abiria aliyeona basi linampita.
Niliendesha basi miaka ishirini na sita,
Thurles hadi Clonmel, mvua hadi mvua;
nayajua macho hayo,
na leo tena sikusimama.

Daktari Gormley kasema: maji ruhusa, chakula hapana.
Kasema na mengine, akiandika mbiombio:
kwamba nyinyi mbwa wa mbio ni ngozi juu ya mfupa,
dawa ya usingizi ikiwaingia haina pa kuegesha,
huzunguka damuni kama mgeni asiyejua kuaga.
Kwamba damu yenu ni nzito, moyo mkubwa kupita kiasi,
na vipimo vyenu humtisha yeyote asiyewazoea.
"Tutampimia kwa kijiko cha chai," akasema.
Nilicheka peke yangu.

Njoo hapa kwenye zulia. Fungua.
Meno ya mbwa hayaumani, husemwa,
lakini yako yananiuma mimi.
Ukoga wa rangi ya chai iliyosahauliwa,
ufizi umevimba pembeni mwa chonge,
na pumzi, mpenzi wangu, pumzi yako
ingebambua rangi ukutani.
Si kosa lako.
Miaka minne walikulisha mikate iliyolowekwa,
ukaguguna vyuma vya kizimba ukingoja zamu
ya kumkimbiza sungura wa kitambaa.
Meno hakuna aliyeyahesabu.
Walihesabu sekunde.

Nageuza sikio: herufi tatu, wino wa kijani,
hazisomeki kuwa jina la mtu wala la mbwa.
Fomu inauliza alama za mwilini. Nimezinakili,
kisha nikaendelea kuandika hadi pambizoni:
huogopa feni.
Huogopa sakafu inayong'aa, mtandikieni taulo.
Hulala macho wazi, msidhani amekufa.
Nilipofika hapo nikaweka kalamu chini.

Glasi ya Malachy bado iko bafuni.
Meno yake ya bandia yalicheka humo usiku kucha
wakati mwenyewe, kibogoyo, akikoroma.
Aliingia hospitali ya Nenagh kwa jambo dogo,
dogo kabisa, walisema, saa sita mchana ataamka.
Basi. Siongezi neno.
Una masikio makubwa kuliko unavyojidai.

Nimekushonea vazi kwa sweta lake la kahawia,
mikono yote miwili imekuwa miguu yako ya mbele.
Wanasema nusukaputi huwaibia joto wembamba.
Kwapani bado kuna harufu ya tumbaku;
umeinusa, ukapiga chafya, ukakubali.

Saa kumi na moja alfajiri pua baridi mkononi mwangu.
Kwa mazoea nikafungua kabati, nikashika mkate,
nikaurudisha.
Birika sikuiwasha. Siagi sikuigusa.
Tumekaa jikoni, wawili wenye njaa,
tumbo lako likinguruma, langu likijibu,
mpaka kioo cha dirisha kikawa kijivu kama wewe.

Kliniki ilinuka dawa ya sakafu na paka mwenye hasira.
Kilo thelathini na mbili na nusu, ikasema mizani.
Nimetia sahihi chini ya neno "hatari"
bila miwani, kusudi.
Muuguzi Bláthnaid, binti wa kina Quirke wenye duka la rangi,
alitandika taulo. Alikuwa ameisoma, mpaka pambizoni.
Nami nilijiandaa kwa kilio chako,
nilishaandaa na uso wa kukijibu.

Wewe ukamtazama, ukavuta hatua mbili,
ukamwegemea pajani kwa uzito wako wote,
vilevile unavyoniegemea mimi nikiosha vyombo.
Msaliti.

Nimerudi garini na kamba mkononi.
Saa mbili na dakika kumi asubuhi.
Watapiga simu.
Kwenye kiti cha nyuma kuna nywele zako,
na mfukoni mwangu, sijui niliutia lini,
kipande cha mkate.