Bibo Kula, Korosho Acha

Kwako Hizza Mkomwa, uliyemzaa Tatu Radi kwa wino:
mimi ni Fadhina Nampota, wa steshenari ya kona,
Newala, pale lami inapoanza kusitasita.
Nakiri kosa kabla sijajua kama ni kosa.

Nimemchora mwanao, bila hodi.

Mara ya kwanza nyuma ya risiti,
mara ya pili kwenye daftari la madeni,
mara ya hamsini sikuhesabu tena.
Katika matoleo yako kumi na saba
anaunga nyaya zilizokatika, anakabana koo na giza,
ila hujawahi kumpa maji hata kikombe.
Mimi nikampanga foleni bombani,
ndoo ya njano, ufa umezibwa kwa sabuni,
nyuma ya Bi Somoe, mbele ya mwanafunzi aliyechelewa.
Shujaa wako, huku kwetu juu, alikuwa na kiu.

Watoto wakaomba nakala. Nikatoa bure.
Chini niliandika kwa herufi ndogo:
"Mhusika si wangu, haki zote ni za mwenyewe,"
nikalala usingizi
kama mwizi aliyeacha risiti mezani.

Kwetu kuna sheria isiyoandikwa.
Mtoto akikatiza shamba la mtu msimu wa mabibo,
bibo ale, maji yamchuruzike hadi viwikoni,
korosho aikonyoe, aiache palepale chini ya mkorosho.
Mama alitukagua mifuko tukitoka shule.
Utamu ni wa mpita njia,
mbegu ni ya mwenye shamba.
Nikajiambia: nami nimekula bibo tu.

Ndipo akaja Likwata, muuza korosho za kukaanga,
kofia kwapani, bahasha mkononi.
"Ile picha ya binti na ndoo, niiweke kwenye pakiti.
Pakiti elfu mbili. Laki tatu, taslimu."
Laki tatu, Hizza!
Mashine yangu ya kuchapia
mwezi wa nne huu inakohoa wino.

Mdogo wangu Ausi akasema: Mkono wako, kalamu yako,
kiu umeitunga wewe. Chukua.
Shangazi akasema: Ukimshonea mtoto wa mtu gauni
hujawa mama yake.
Bahasha ikashinda juu ya kaunta, hakuna aliyeigusa.

Nami nikamkumbuka dada yangu Esha,
aliyezoa mabibo ya jirani, yanayooza bure,
akakamua uraka, akauza debe zima.
Korosho hakugusa hata moja.
Jirani alikuja na kikombe chake,
akanywa kwanza, ndipo akadai fungu.
Mpaka leo hatujui
alikuja kama mteja au kama mshitaki.

Nikamwambia Likwata: subiri, nimwandikie baba wa mtoto.
Nikakuandikia. Nikaambatanisha mchoro.
Nikauliza: bibo linaishia wapi, korosho inaanzia wapi?

Miezi mitatu, kimya.

Jana limefika toleo la kumi na nane.
Ukurasa wa tisa, Tatu Radi kasimama foleni.
Ndoo ya njano.
Ufa umezibwa kwa sabuni.

Niliruka, nikagonga kichwa kwenye rafu.
Nikaita watoto wote wa mtaa: Kapata maji! Kapata maji!
Walipotawanyika nikasogeza taa,
nikapekua pembeni, chini, ndani ya mistari ya kivuli,
kutafuta jina langu,
hata kwa herufi zile ndogo.

Asubuhi Likwata kapita kuulizia jibu.
Nimemwambia limekuja,
ila sijui limemjibu nani.

Usiku huu naandika barua ya pili.
Karatasi ipo, umeme upo,
nimekwama neno la kwanza:
nianze na asante,
au nikuulize
hodi yako wewe ilikuwa wapi?