Mgawa Maji

Baba hakuwahi kulima jaruba hata moja.
Miaka ishirini na sita pale skimuni, chini ya Rujewa,
kazi yake ilikuwa funguo tatu, daftari la zamu,
na kandambili zilizoliwa kisigino na tope.
Wenye mpunga walimwita Mzee Hana Gunia.
Msimu ukiisha, wao wanahesabu magunia,
yeye anahesabu malango.

Leo nimemweka kwenye kioo.
Kipande cha umio wake, chembamba kama ngozi ya kitunguu,
kimelala chini ya hadubini, ghorofa ya pili, Mbeya,
na dirishani Loleza imevaa ukungu hadi kiunoni.
Ningeweza kumwachia Gwantwa aisome sampuli hii.
Sikumwachia.

Chuoni tulifundishwa hivi:
jeni hutoa amri, RNA huibeba,
protini hujengwa, mwili unaenda.
Na zile RNA nyingine, nyuzi ndefu, zisizojenga protini yoyote?
Mwalimu alifuta ubao. "Makapi," akasema,
vumbi la chaki likamwangukia kwenye kola.

Makapi.
Kumbe ndizo zinazoshinda kwenye malango.
Uzi mmoja unaishika protini mkono,
unaipeleka hadi kwenye jeni: funga hapa.
Mwingine unanyonya vijumbe vidogo kama sifongo
visifike vilikotumwa.
Haujengi ukuta, haujengi msuli, hauna gunia.
Siku ukilewa, lango linabaki wazi usiku kucha,
na seli iliyokwishamaliza zamu yake
inakunywa, inagawanyika,
inakunywa.

Nilimweleza jioni, wodini, kwa maneno ya kazi yake.
Uji ulikuwa umepoa; haukupita.
Nikamwambia, Baba, ndani yako yumo mgawa maji
aliyeacha lango wazi.

Akanyamaza mpaka taa za Mwanjelwa zikawaka.
Kisha, kwa ile sauti iliyobaki, nyembamba, iliyochubuka:
"Nani kamwambia aliache?"

Nikataja. Chai ya moto mno. Moshi wa jikoni. Tumbaku.
Urithi. Bahati mbaya.
Akatikisa kichwa kama anayekataa hesabu za mnunuzi.

"Mgawa maji haamki tu usiku, Tumwitike.
Kuna aliyekuja na tochi.
Mwaka ule wa ukame nilimfungulia Lusubilo, mjane wa bondeni,
saa nane, nje ya daftari. Watoto sita.
Kulipokucha jaruba la Mwasomola limepasuka kama unyayo.
Hakuna aliyejua. Mama yako alijua.
Basi huyo wako, huyo uzi,
usimwandike mwizi kabla hujauliza
alifungua kwa njaa ya nani."

Sikuwa na jibu, na wala vitabu havina.
Tunaona uzi umezidi ndani ya uvimbe;
hatujui bado kama ndio uliovunja kufuli
au ni shahidi tu, aliyekutwa karibu na banio
nguo zimelowa.
Nikamwambia kuna wanaotafuta dawa ya kuukata,
huko mbali, wanaijaribu kwa panya.
"Panya anaponaje," akasema, "na mpunga wote anaula yeye?"
Akacheka. Kicheko kikamuuma,
akakishikilia shingoni kwa vidole viwili
mpaka kikatulia.

Saa nne usiku nimerudi maabara.
Juu ya kichupa nimeandika namba, si jina;
ndivyo kanuni inavyotaka.
Friji inanguruma kama mashine ya kukoboa iliyo mbali.
Mfukoni mwa koti langu jeupe zimo funguo tatu,
alinikabidhi siku ya kulazwa
kwamba vitu vya chuma hupotea wodini.
Moja ni ya banio kuu.
Moja ya mfereji wa kati.
Ya tatu, ndogo, imekwanguka meno,
hakuniambia inafungua nini,
nami, mbele ya uji ule uliopoa,
sikuuliza.