Dang'a

Alizaliwa saa tisa usiku, kule Olenguruone,
ukungu umelala juu ya majani chai kama blanketi la wodi.
Nami nilikuwa wodini kweli, Nakuru,
nikimshika Mama mkono wenye sindano ya maji.

Kiptalam alikamua. Kijana mzuri, simlaumu:
maziwa ya njano, mazito, dukani hayapokelewi,
akawamwagia mbwa.
Ndama akapewa ya ng'ombe mwingine,
meupe, safi, matupu.

Niliporudi, usiku ulikuwa umepita mara mbili
na mlango wa utumbo umeshajifunga.
"Kinga hakuzaliwa nayo," alisema Daktari Tabutany,
akinawa mikono hadi viwikoni.
"Ndama huinywa. Ana saa chache, kisha basi."

Basi kila kitu kikaingia.
Kitovu kikavimba kama ngumi ya mtoto.
Kuhara. Kikohozi. Jicho moja likashika ukungu.
Tulitibu hiki, kikaja kile;
nyumba isiyo mlango, mgeni hafukuzwi,
anahesabiwa tu.

Siku ya kumi na tisa nikamfunika gunia.
Mbwa wakanizunguka, manyoya yanang'aa
kama viatu vya harusi.
Sikuwapiga.

Mama alipona. Haulizi habari za ndama.

Kwenye friza ya duka la Chelel,
chini ya samaki na barafu za watoto,
kuna chupa tatu za njano, zimeganda jiwe.
Nimeziandika kwa wino mzito: SI ZA KUUZA.
Mwenye ng'ombe agonge,
hata saa tisa.