Kipimo Kikubwa

Nyumba ya Kavugho, huku Katindo,
imekaa juu ya mawe meusi ya mlima
kama kuku juu ya mayai asiyoyaamini.
Nimekuja na futi ya chuma, timazi, penseli sikioni,
na Musavuli, mwanafunzi wangu, mwenye kazi moja:
kushika ncha ya futi bila kuota ndoto.

Yeye anaziita voleti. Mimi naziita mabawa.
Vyovyote vile, ni mbao za kufunga dirisha kwa ndani,
usiku, mlima unapopaka anga wekundu
na Asifiwe, miaka sita, anagoma kulala:
eti mbingu imesahau kuzima taa.

Dirisha la chumbani. Juu: mia na kumi na mbili.
Katikati: mia na kumi na tatu kasoro uzi.
Chini: mia na kumi na nne.
Napima pembe hadi pembe, kisha pembe hadi pembe;
mistari miwili iliyopaswa kuwa mapacha
si hata mabinamu.
Nashusha timazi. Kamba imenyooka.
Ukuta ndio umeinama,
kama mtu anayesikiliza jambo chini ya sakafu.

"Tetemeko lile," anasema Kavugho.
Hasemi lipi. Simuulizi.

Sikiliza, Musavuli.
Bawa la kuingia ndani ya tundu
hukatwa kwa kipimo kidogo kuliko vyote,
maana mbao haibembelezi jiwe.
Lakini tundu likishapinda, hatuliingii.
Tunapanda ukutani, nje ya kingo zake,
na hapo unachukua kipimo kikubwa,
unaongeza vidole vitatu huku, vitatu kule,
upindo upate pa kujisitiri.
Angalia swichi. Angalia msumari wa kalenda ya parokia.
Na lile kabati la vyombo:
bawa likifunguka litaligonga, tulikunje mara mbili.
Andika. Si mkononi, we mtoto, utanawa!

Dirisha la sebuleni lilikuwa limeshapimwa.
Kando yake, kwenye chokaa, penseli iliyofifia,
mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika risiti:
111
111
111
na mshale mdogo, kana kwamba dirisha lingeweza kupotea.

"Nani alipima hapa?"
"Habamungu." Hakuacha kuchambua maharage.
"Alitaka kubadilisha vioo. Kabla."

Nikapima mimi.
Mia na kumi na moja. Mia na kumi na mbili. Mia na kumi na nne.
Nikarudia, nikidhani Musavuli ameteleza.
Hakuteleza.
Kulikuwa na siku, basi, katika nyumba hii,
ambapo mtu aliandika nambari moja mara tatu
na haikuwa uvivu.

Musavuli alikwishalowesha kidole kwa mate
asafishe ukuta.
"Wewe. Wacha."
Hakupaza sauti. Dengu moja la maharage lilidondoka,
likaviringika hadi kwenye kiatu changu.
"Fremu yako itaishia wapi, fundi?"
Nikamwonyesha. Vidole vitatu
vingepita katikati ya tarakimu,
vikaacha nusu nje, mikia ya moja moja moja.
"Ongeza cha nne. Zifunikwe zote. Zisifutwe."

"Libuyu si bei ya mchicha, mama."
"Ongeza."

Nikaandika vipimo vyangu chini ya vyake,
vidogo, visimguse.
Kidole cha nne nimekiweka kwenye hesabu
kwa nusu bei. Nami nina watoto.

Jumamosi, kama mbao zimepita barabarani, nitarudi na bisibisi.
Mlangoni Asifiwe alinivuta suruali:
nimwachie kitundu, cha jicho moja tu,
awe anachungulia kama mbingu imekumbuka.
Hicho sijakipima.