Gia Moja

Ilikuja na kontena, ina gia kumi na nane:
nane zimegoma, kumi zinabishana.
Nikikanyaga, cheni inaruka kama panzi.

Duka la kwanza pale Soroti, mwenyewe hakuinua macho kwenye simu.
"Nunua seti nzima." Bei ya mbuzi wawili.
La pili wakanipa kiti, na soda,
kisha mbuzi walewale, kwa sauti tamu.

Esangire hana duka. Ana mwavuli, karai la grisi,
na kidole kisicho na ukucha.
"Unakwenda nayo wapi?"
Arapai, shuleni. Na kurudi.
"Kuna mlima njiani?"
Mwamba uko mjini, na siupandi.
"Basi hizi gia nyingine unambebea nani?"

Akakata cheni, akapima, akakata tena,
akaining'inia kwa uzito wake wote.
Waya akazikunja, akaniwekea kiganjani
kama chenji.

Elfu saba.

Asubuhi upepo wa Arapai ni mkali, sina gia ya kuukimbia.
Nasimama kwenye pedeli, natukana kidogo,
nafika.

Zile waya zinafunga mlango wa kuku.